Filamu Pana au Kamera ya Dijitali? Uchaguzi wa Chombo cha Kupigia Picha za Mandhari

Mwaka 1912 wataalamu wawili wa Kijerumani, Fritz Klute na Eduard Oehler, walifanya kazi ya upimaji katika Mlima Kilimanjaro. Walipiga picha kutoka vituo mbalimbali vya mlimani, na kutokana na vipimo vya picha hizo Klute alichora ramani ya mlima pamoja na mipaka ya barafu yake. Miaka 18 baadaye, mwaka 1930, rubani wa Uswisi aitwaye Walter Mittelholzer aliizunguka Kibo kwa ndege na kuipiga picha kutoka angani. Picha zake zimehifadhiwa hadi leo katika maktaba ya Chuo Kikuu cha ETH mjini Zürich.

Watu hawa hawakujua kwamba kazi yao ingekuwa ushahidi. Katika karne iliyofuata wataalamu wa barafu waliichukua ramani ya mwaka 1912 na kuilinganisha na picha za siku hizi. Matokeo yake yalionyesha kwamba barafu ya Kilimanjaro, iliyokuwa na eneo la kilomita za mraba 11.4 hivi mwaka 1912, ilibaki na kilomita za mraba 1.76 tu mwaka 2011. Kwa maneno mengine, karibu asilimia 85 ya barafu ilikuwa imetoweka. Mwaka 2022 shirika la UNESCO lilitangaza kwamba barafu ya Kilimanjaro na ile ya Mlima Kenya ni miongoni mwa zile zinazotarajiwa kwisha kabisa ifikapo mwaka 2050.

Jambo hili laonyesha kwamba picha ya mandhari si pambo la ukutani tu. Msitu, ziwa, ufuko, shamba na mlima hubadilika, na hali ya leo haitarudi ili ipigwe picha kesho. Kwa hiyo swali la chombo gani kitumike ni swali la kisayansi. Je, anayetaka kuweka kumbukumbu ya nchi achague kamera kubwa ya filamu, kama zile walizotumia wapimaji na wasanii wa zamani, au achague kamera ya dijitali ambayo sasa imeenea kila mahali? Makala haya yanaeleza jinsi vyombo hivi viwili vinavyofanya kazi, yanapima ubora wao kwa hesabu ambazo mwanafunzi wa sekondari anaweza kuzihakiki, na mwishowe yanatoa mwongozo wa kuchagua.

Kamera ya filamu pana

Kamera ya filamu pana ni chombo sahili kwa umbo lake. Mbele ina ubao unaoshika lenzi, na nyuma ina kioo chenye ukungu ambacho taswira huangukia. Katikati kuna mfuko mweusi usiopitisha mwanga, unaokunjika na kukunjuka kama kinanda cha mkono. Mpiga picha hujifunika kitambaa cheusi na kuitazama taswira, ambayo huonekana imepinduliwa juu chini. Akiisha kuirekebisha, hufunga lenzi, hupachika kasha la filamu mbele ya kioo, huvuta kifuniko cha kasha na kufungua lenzi kwa muda aliokadiria. Kasha la kawaida huchukua vipande viwili tu vya filamu, kimoja kila upande. Baada ya picha mbili, sharti litumike kasha jingine.

Kipimo cha filamu kilichoenea zaidi ni inchi 4 kwa 5, yaani milimita 102 kwa 127. Kipo pia kipimo cha inchi 8 kwa 10, ambacho eneo lake ni mara nne ya hicho cha kwanza. Filamu ndogo ya milimita 35, ambayo vipimo vyake vimerithiwa na kamera nyingi za dijitali za wataalamu, hutoa picha ya milimita 24 kwa 36. Mwanafunzi akizidisha ataona kwamba kipande cha inchi 4 kwa 5 kina eneo la karibu milimita za mraba 13,000, ilhali picha ndogo ina milimita za mraba 864 tu. Tofauti hiyo ni mara 15. Hapa ndipo ilipo siri ya sifa za kamera kubwa. Picha ambayo tangu mwanzo ni kubwa haihitaji kukuzwa sana, na kasoro zake hazikuzwi sana pia.

Namna mwanga unavyoandikwa

Filamu ni utando wa jelatini uliotandazwa juu ya plastiki. Ndani ya jelatini zimo fuwele ndogo sana za chumvi za fedha, hasa bromidi ya fedha. Mwanga ukiigonga fuwele, elektroni huachiliwa, na baadhi ya ioni za fedha hugeuka kuwa atomi za fedha. Atomi chache tu zikikusanyika mahali pamoja, fuwele hiyo huwa imetiwa alama, ingawa jicho haliwezi kuona chochote. Dawa ya kusafishia picha huitafuta alama hiyo na kuigeuza fuwele nzima kuwa fedha nyeusi. Fuwele ambazo hazikuguswa na mwanga huyeyushwa na dawa nyingine na kuondolewa. Kinachobaki ni negativu, ambamo penye mwanga mwingi huwa peusi na penye kivuli huwa peupe.

Kamera ya dijitali hutumia kihisi cha silikoni. Msingi wa vihisi vya kwanza uliwekwa mwaka 1969 na Willard Boyle na George Smith katika maabara ya Bell nchini Marekani, na kwa kazi hiyo walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2009. Mwaka 1975 mhandisi Steven Sasson wa kampuni ya Kodak aliunda kamera iliyotumia kihisi cha namna hiyo. Picha yake ilikuwa na nukta 10,000 tu, na ilichukua sekunde 23 kuandikwa kwenye utepe wa kaseti. Kamera za wataalamu za siku hizi zina nukta milioni 24, milioni 45 au zaidi.

Nukta hizo huitwa pikseli. Kila pikseli ni kama kikombe kilichowekwa uani wakati wa mvua: fotoni zinapoanguka, elektroni hujikusanya ndani yake, na baada ya lenzi kufungwa hesabu ya elektroni husomwa na kuandikwa kama namba. Lakini silikoni peke yake haitambui rangi. Kwa sababu hiyo kila pikseli hufunikwa kwa kichujio kidogo chekundu, cha kijani au cha buluu, kwa mpangilio uliobuniwa na Bryce Bayer na kupewa hataza mwaka 1976. Nusu ya pikseli huona kijani, robo huona nyekundu na robo huona buluu. Rangi mbili zinazokosekana katika kila pikseli hukadiriwa kutokana na pikseli jirani. Filamu ya rangi haina makadirio hayo, kwa kuwa tabaka zake tatu zimelaliana, na kila mahali hupokea rangi zote tatu.

Kwa upande mwingine, silikoni hutumia mwanga kwa uangalifu mkubwa zaidi. Kihisi kizuri hunasa zaidi ya nusu ya fotoni zinazokifikia, ilhali filamu hunufaika na sehemu ndogo tu ya mwanga unaoiangukia. Ndiyo maana kamera ya dijitali huweza kupiga picha safi alfajiri au jioni, wakati ambapo filamu ingehitaji muda mrefu wa kufunua lenzi.

Hesabu ya uchambuzi

Watu wengi huuliza kipande kimoja cha filamu pana ni sawa na pikseli ngapi. Swali hili halina jibu moja, kwa sababu filamu haina pikseli, bali ina chembe zilizotawanyika bila mpango. Hata hivyo makadirio yanaweza kufanywa. Chukulia kwamba lenzi na filamu kwa pamoja huweza kutenganisha jozi 40 za mistari katika kila milimita, jozi moja ikiwa ni mstari mweusi na mstari mweupe. Hicho ni kiwango kizuri kinachofikiwa na mpiga picha mwangalifu. Kila jozi huhitaji angalau pikseli mbili. Kwa hiyo upande wa milimita 127 utahitaji pikseli 10,160, na upande wa milimita 102 utahitaji pikseli 8,160. Zikizidishwa hupatikana pikseli milioni 83 hivi.

Kamera ya dijitali yenye pikseli milioni 45 yaonekana basi kuwa nyuma. Lakini hesabu ya pili hutoa sura nyingine. Fikiria kwamba kamera zote mbili zinapiga picha ya ukingo wa barafu ulio umbali wa kilomita 20. Kamera ya filamu ina lenzi yenye urefu wa fokasi wa milimita 150, na ile ya dijitali ina lenzi ya milimita 45, ili zote mbili zione upana wa nchi unaokaribiana. Kwenye filamu, mstari mmoja mdogo unaoweza kutambulika ni milimita 0.0125. Kwa kanuni ya pembetatu zinazofanana, upana wake mlimani ni mita 20,000 mara 0.0125 gawanya kwa 150, yaani mita 1.7 hivi. Kwenye kihisi, pikseli moja ina upana wa milimita 0.0044, na hesabu hiyo hiyo hutoa mita 2 hivi.

Tofauti ya sentimita 30 kwa umbali wa kilomita 20 si kubwa. Tena, kwa umbali huo vumbi, mvuke na mtetemo wa hewa ya joto huharibu picha kuliko filamu au kihisi. Kwa hiyo anayepiga picha saa moja asubuhi, hewa ikiwa bado tulivu, kwa kamera ya wastani, aghalabu atamshinda yule anayepiga picha saa saba mchana kwa kamera bora kuliko zote.

Tundu la lenzi na kina cha ukali

Lenzi yoyote huwa na tundu linaloweza kupanuliwa au kufinywa. Namba ya tundu ni urefu wa fokasi ukigawanywa kwa kipenyo cha tundu. Hivyo namba kubwa humaanisha tundu dogo. Tundu likifinywa, vitu vilivyo karibu na vilivyo mbali huonekana kwa ukali pamoja, na kina hicho ni jambo muhimu katika picha za mandhari, ambamo mawe ya mbele na mlima wa nyuma vyote huhitajika.

Lenzi ya milimita 150 ina kina kidogo kuliko ile ya milimita 45. Kwa hiyo kamera ya filamu pana hulazimika kutumia namba 22 au 32 pale ambapo kamera ndogo hutumia namba 8. Kutoka namba 8 hadi 22 mwanga hupungua mara nane hivi. Picha ambayo kamera ndogo huichukua kwa sehemu ya 125 ya sekunde, kubwa huihitaji kwa sehemu ya 15 ya sekunde au zaidi, na muda huo watosha upepo kutikisa majani na kamera yenyewe.

Kuna gharama nyingine. Mwanga unapopita katika tundu dogo hupinda kidogo kwenye kingo zake, na kila nukta ya mandhari huwa kiduara badala ya nukta kamili. Kipenyo cha kiduara hicho ni mara 2.44 ya urefu wa wimbi la mwanga ukizidishwa kwa namba ya tundu. Kwa mwanga wa kijani, wenye urefu wa wimbi wa milimita 0.00055, namba 22 hutoa kiduara cha milimita 0.03, na namba 8 hutoa kiduara cha milimita 0.011. Picha ikikuzwa hadi kimo cha mita moja, filamu hukuzwa mara 10 na kiduara chake huwa milimita 0.3. Kihisi chenye kimo cha milimita 24 hukuzwa mara 42, na kiduara chake huwa karibu milimita 0.46. Ubora wa filamu pana upo, lakini si mara nne, kama kimo cha filamu kingemfanya mtu adhani. Umepungua na kuwa mara moja na nusu. Na kamera kubwa ikilazimika kufinya tundu hadi namba 32, karibu ubora wote huo hupotea.

Hapo ndipo kamera ya zamani hutoa silaha yake kubwa. Ubao wa lenzi unaweza kuinamishwa mbele au nyuma. Theodor Scheimpflug, ofisa wa jeshi la Austria aliyeshughulika na ramani zitokanazo na picha za angani, aliieleza kanuni yake katika hataza ya mwaka 1904: bapa la filamu, bapa la lenzi na bapa la vitu vinavyoonekana kwa ukali lazima yakutane katika mstari mmoja. Mpiga picha akiinamisha lenzi ipasavyo, bapa la ukali hulala juu ya nchi yenyewe, kuanzia majani yaliyo miguuni pake hadi upeo wa macho, bila kulazimika kulifinya tundu kupita kiasi. Kamera za dijitali hupata faida inayofanana kwa lenzi maalumu za kuinama, au kwa kupiga picha kadhaa zenye fokasi tofauti na kuziunganisha kwa kompyuta.

Mwanga mkali na mwanga hafifu

Filamu na silikoni hutofautiana pia katika kupokea mwanga. Kihisi huhesabu kwa usawa: mwanga ukiongezeka maradufu, namba nayo huongezeka maradufu. Lakini kikombe kikijaa, maji ya ziada humwagika. Wingu jeupe au barafu inayong'aa ikizidisha kiasi, namba hufika kikomo na kila kilichomo hupotea, wala hakuna ufundi wa baadaye utakaokirudisha. Filamu ya negativu haifiki kikomo kwa ghafla. Hupungua kasi yake taratibu, na mara nyingi alama za mawingu hubaki katika weusi wa negativu. Kwa hiyo mwenye kamera ya dijitali hupima mwanga kwa kuyalinda maeneo meupe, na mwenye negativu hupima kwa kuyalinda maeneo ya vivuli.

Kwa mwanga hafifu hali hugeuka. Mnajimu wa Kijerumani Karl Schwarzschild, ambaye baadaye alijulikana sana kwa hesabu zake kuhusu nguvu ya uvutano, aligundua katika miaka ya mwisho ya karne ya 19 kwamba filamu huchoka. Mwanga mdogo kwa muda mrefu hauandiki sawasawa na mwanga mwingi kwa muda mfupi, hata kama zao lao ni moja. Atomi moja ya fedha ikiundwa na nyingine ikachelewa, ile ya kwanza huweza kupotea kabla alama haijakamilika. Basi mwenye filamu hulazimika kuongeza muda zaidi ya ule ulioonyeshwa na kipimo. Kihisi hakina udhaifu huo, ingawa nacho kikipata joto huzalisha elektroni za uongo zinazotia picha madoadoa.

Mfano mashuhuri wa ustadi wa filamu ni picha ya jabali la Half Dome, bonde la Yosemite, iliyopigwa na Mmarekani Ansel Adams tarehe 10 Aprili, 1927. Adams alipanda na kamera kubwa ya bamba za kioo. Picha yake ya mwisho aliipiga kwa kichujio chekundu sana, kilichozuia mwanga wa buluu na kuifanya anga iwe nyeusi juu ya jabali. Aliamua sura ya picha kabla ya kufungua lenzi, maana hakuwa na nafasi ya kujaribu mara nyingi. Leo rangi hutenganishwa kwenye kompyuta baada ya picha kupigwa, na kosa huonekana papo hapo kwenye kioo cha kamera. Wepesi huo ni faida kubwa. Hasara yake ni kwamba wengi hupiga picha mia bila kufikiri hata moja.

Kamera ndogo iliyofanywa kubwa

Aliye na kamera ya dijitali anaweza pia kuvunja mpaka wa kihisi chake. Chukua kamera yenye pikseli milioni 24, yaani 6,000 kwa 4,000. Isimamishe wima juu ya stendi ya miguu mitatu, kisha piga picha tano kutoka kushoto kwenda kulia, kila moja ikilalia theluthi ya ile iliyotangulia. Picha ya kwanza hutoa pikseli 4,000 za upana, na kila moja ya nne zinazofuata huongeza 2,667. Jumla ni karibu 14,670 kwa upana na 6,000 kwa kimo, yaani pikseli milioni 88. Kiasi hicho chazidi makadirio ya kipande cha inchi 4 kwa 5 yaliyotolewa hapo juu.

Njia hii ina masharti. Kamera izungushwe juu ya kitovu cha lenzi ili vitu vya karibu visihame dhidi ya vya mbali. Kiasi cha mwanga na fokasi visibadilishwe kati ya picha moja na nyingine. Aidha, mawingu yaendayo mbio, mawimbi na matawi yanayoyumba hayatakubali kuunganishwa vizuri. Filamu pana huona mandhari yote kwa dakika moja ile ile, na kwa bahari yenye mawimbi bado hiyo ni faida.

Mzigo, baridi na unyevu

Kamera kubwa pamoja na makasha, lenzi, kitambaa na stendi imara ni mzigo wa kutosha mtu mmoja, na picha zitakazoletwa nyumbani huenda zisizidi ishirini. Filamu haipendi joto wala unyevu. Katika nchi za tropiki jelatini huota ukungu upesi, na filamu iliyokwisha kupigwa haifai kukaa siku nyingi kabla ya kusafishwa. Chumba cha giza nacho huhitaji maji safi, dawa zenye joto lililopimwa na mahali salama pa kutupia dawa zilizotumika.

Kamera ya dijitali ina adui zake. Vumbi huingia lenzi inapobadilishwa na kukaa juu ya kihisi. Betri hudhoofika penye baridi kali, kama ile ya kileleni Kibo, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, na hufaa kuwekwa ndani ya nguo karibu na mwili. Kamera nyingi za filamu pana hazihitaji betri hata moja, kwa kuwa lenzi zake hufunguliwa kwa springi na magurudumu kama ya saa.

Nani atakayeitunza picha?

Swali lililo gumu kuliko hayo yote huanza baada ya picha kupigwa. Mwaka 1871 Mmarekani William Henry Jackson alipiga picha eneo la Yellowstone kwa bamba za kioo, na picha zake zilisaidia kulishawishi Bunge la nchi hiyo kulifanya eneo hilo kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1872. Kati ya mwaka 1977 na 1979 kundi la wapiga picha akiwamo Mark Klett lilirudi mahali pengi pa magharibi ya Marekani ambapo Jackson na wenzake walisimama, likapiga picha zile zile upya na kuonyesha mabadiliko ya karne moja. Hilo liliwezekana kwa sababu picha za zamani zilikuwapo, na kwa sababu mtu aliweza kuzisoma bila chombo chochote isipokuwa macho na mwanga.

Negativu iliyosafishwa na kuoshwa vizuri, ikawekwa mahali pakavu na pa baridi, huweza kusubiri miaka mingi bila kuhudumiwa. Faili ya dijitali haisubiri. Diski huharibika, mashine za kuisomea hutoweka sokoni, na faili iliyofutwa haiachi hata kivuli. Lakini faili ina uwezo ambao negativu haina: nakala yake ni sawa kabisa na asili. Nyumba ikiungua, negativu ya pekee imekwisha, ilhali faili yenye nakala katika mji mwingine ipo salama. Kwa hiyo filamu huhifadhiwa kwa kuachwa mahali pazuri, na faili huhifadhiwa kwa kunakiliwa bila kukoma. Taasisi isiyo na mtu wa kunakili faili kila baada ya miaka michache haina hifadhi ya picha, hata kama kabati zake zimejaa diski.

Mwongozo wa kuchagua

Anayechagua asianze kwa kuuliza kamera ipi ni bora. Aanze kwa kuuliza picha itafanya kazi gani. Kama lengo ni picha moja au mbili kubwa za mita moja au zaidi, za mandhari yenye mwendo, na mpiga picha ana chumba cha giza, maji, dawa na subira, filamu pana bado ni chombo cha heshima. Filamu hizo bado zinatengenezwa Marekani na Uingereza. Zaidi ya hayo, hakuna chombo kinachomfundisha mwanafunzi fizikia ya mwanga waziwazi kama kioo kile chenye ukungu.

Kama lengo ni kufuatilia mabadiliko ya nchi mwaka hadi mwaka, kamera ya dijitali ndiyo ya kuchaguliwa. Hurudiwa bila gharama ya filamu, huandika tarehe na saa, matokeo yake hukaguliwa papo hapo kabla ya kushuka mlimani, na namba zake huingia moja kwa moja katika vipimo. Kwa shule nyingi za Afrika Mashariki uamuzi huu ni dhahiri. Kamera ya wastani juu ya stendi imara, ikihifadhi data ghafi badala ya picha iliyobanwa, hutosha kwa kazi ya miaka mingi.

Lakini chombo chochote hakina maana bila maelezo. Kila picha ya kumbukumbu iandikiwe mahali kamera iliposimama, kimo chake kutoka ardhini, upande ilikoelekea, lenzi iliyotumika, tarehe na saa. Mahali hapo pawekewe alama ya kudumu, kama vile jiwe lililosimikwa kwa saruji. Picha nzuri isiyo na maelezo haya haiwezi kurudiwa, na picha isiyoweza kurudiwa haiwezi kupima chochote.

Walimu wa jiografia na fizikia wanaweza kuianza kazi hii muhula huu huu. Kichagulwe kilima, mto au ufuko ulio karibu na shule, kiwekwe kituo kimoja, na kila mwaka kidato cha tatu kipige picha ile ile, katika mwezi ule ule na saa ile ile. Nakala moja ya faili ikae shuleni, ya pili katika ofisi nyingine nje ya shule, na picha moja ya karatasi ichapishwe na kutiwa katika jalada pamoja na maelezo yake. Miaka 20 itakapopita, wanafunzi ambao leo hawajazaliwa watakuwa na ushahidi ambao hakuna kamera ya wakati wao, hata iwe bora namna gani, itakayoweza kuwapatia.